Nafasi za Masomo ya Ng'ambo: Zatupotelea Wapi?

Katika darasa zetu tumeulizwa suala moja na watu zaidi ya mmoja, nalo ni hili: Je, ni kweli kuwa ziko serikali na vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyomchukua kijana wa Kiafrika, vikamsomesha, vikampa mahali pa kulala na fedha za kula, bila ya mzazi kutoa ada hata shilingi moja? Na ikiwa ni kweli, mbona watoto wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu hatuwaoni kwa wingi miongoni mwa hao wanaokwenda? Na baadhi ya waulizaji walikwisha kujijibu wenyewe kabla hatujafungua midomo: "Hayo, sheikh, ni mambo ya kujuana."

Sisi twasema: hilo la kwanza ni kweli tupu. Ama kujuana, hatusemi kuwa hakupo kabisa duniani, walakini siko kunakotuangusha. Kwa karatasi za vijana tulizoletewa na kuzitazama moja moja, tumeona kuwa nafasi hizi hazitupotei London, wala Ankara, wala Madina. Zatupotea hapa hapa, majumbani mwetu, mwaka mzima kabla ya siku ya mwisho ya kupeleka fomu. Na maadamu zapotelea hapa, dawa yake pia iko hapa.

Kwanza ni lazima tujue tunachokitafuta. Neno "ufadhili kamili" latumiwa na kila mtu, nalo halina maana moja. Tuchukue ufadhili wa Serikali ya Uturuki uitwao Türkiye Bursları, ambao wengi wenu mmeusikia. Huo hulipa ada ya chuo kikuu, hutoa malazi, posho ya kila mwezi, bima ya matibabu, nauli ya ndege ya kwenda na ya kurudi masomo yakiisha, na mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki kabla ya kuingia katika somo lenyewe. Kupeleka fomu hakulipiwi. Huo waweza kuitwa kamili bila ya kusema uwongo. Ama ufadhili wa Serikali ya China, kwa kawaida hulipa ada, bweni, posho na bima, lakini nauli ya ndege mara nyingi haimo. Mzazi asiyejua hilo hufurahi siku ya barua, kisha akaanza kuzunguka na bakuli wiki mbili kabla ya safari. Na ufadhili wa Chevening wa Uingereza, ulioanza mwaka 1983, ni wa shahada ya pili tu, wa mwaka mmoja, na mwenye kuuomba sharti awe na shahada ya kwanza na kazi isiyopungua miaka miwili, ambayo wao huihesabu kwa saa: 2,800. Kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi akiupelekea fomu ajisumbua bure. Tumewahi kumuona aliyefanya hivyo, akakataliwa, akatoka akisema kuwa Wazungu hawamtaki mtu mwenye jina la Kiislamu. Hawakulifikia jina lake, maskini. Waliishia kwenye saa.

Na uko mwingine ambao sisi watu wa pwani ilitupasa tuujue kuliko wote, nao ni wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah. Kenya si mwanachama wa benki hiyo, na watu wengi hudhani kuwa kwa sababu hiyo hatuna letu huko. Kinyume chake! Mwaka 1983 benki hiyo ilianzisha mpango makhsusi kwa jamii za Waislamu walioko katika nchi zisizokuwa wanachama, yaani watu kama sisi, ili vijana wao wasomee uganga, uhandisi na mfano wa hayo. Jinsi ulivyoasisiwa ni jambo la kupendeza: fedha ile kwa jamii ni kipawa, lakini kwa mwanafunzi ni karadha njema isiyokuwa na riba. Akimaliza na kupata kazi hurudisha kidogo kidogo, na anachorudisha hakiendi Jeddah, bali huingia katika mfuko wa elimu wa jamii yake mwenyewe ili asomeshwe mwingine. Wako waliotwambia kuwa huo basi si ufadhili kamili, kwani kuna kulipa. Twawajibu: mnakopa kwa riba kununua pikipiki, kisha mwaikimbia karadha isiyo na riba ya kumfanya mtoto daktari?

Kabla hatujaendelea, tuondoe jambo moja njiani. Kila yatajwapo masomo ya ng'ambo hasimami msemaji illa ataje kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamrisha elimu itafutwe hata China. Khabari hiyo maulamaa wa hadithi wameidhoofisha, na Ibnul Jauzi ameitia katika kitabu alichokusanya hadithi za kuzuliwa. Hatuna haja nayo. Kisa cha Nabii Musa katika Sura ya Al-Kahf chatutosha: alifunga safari kumfuata mwenye elimu, akachukua chakula chake, akachoka njiani, na alipomfikia akapewa sharti kabla ya somo la kwanza naye akalikubali. Safari, masurufu, mwalimu na masharti. Mwenye kuomba ufadhili leo hapati mambo mengine zaidi ya hayo manne, na tutayarejea hayo masharti mbele.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwani hapa ndipo penye kidonda.

Kijana mmoja huletwa kwetu na babake. Cheti chake cha kuzaliwa chasema Mohamed Ali Omar. Cheti cha mtihani chasema Muhammad Aly. Kitambulisho chasema Mohamed Ali Bin Omar, na pasipoti, kwa kuwa aliyejaza fomu alitaka kuwafurahisha wazee, imeongezwa jina la ukoo. Sisi sote twajua kuwa huyo ni mtu mmoja, tena twamjua na bibi yake. Lakini karani aliyekaa Ankara ataona watu wanne, na hana dhambi kwa kuona hivyo. Wapi zilitoka tofauti hizi? Muuguzi hospitalini aliandika alivyosikia. Mwalimu wa skuli alitaka majina mawili, akapewa mawili. Fatma akawa Fatuma, Saidi akawa Said, na hakuna aliyeona kuwa ni kitu, kwa sababu jina kwetu ni la kuitwa, si la kusomwa na mashine. Leo ni la kusomwa na mashine.

Dawa yake ni nyepesi ikifanywa kwa wakati wake, na ni nzito mno ikiachwa. Jina la mtihani huandikwa skuli mtoto anapoandikishwa kwa mtihani, mwanzo wa mwaka ule wa mwisho. Siku hiyo mzazi na aende mwenyewe, na cheti cha kuzaliwa mkononi, asome jina la mwanawe herufi kwa herufi, wala asione haya kuwa mwalimu atamuona msumbufu. Hilo ni jambo la nusu saa. Akiliacha mpaka cheti kikachapishwa, kulisahihisha ni kuandikiana na Baraza la Mitihani, ni ada, ni kungoja, na miezi hupita na fomu hufungwa. Tofauti ndogo za herufi huenda zikatengenezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Lakini kila kiapo ni swali moja zaidi katika akili ya karani, na mwenye maombi elfu mbele yake hatafuti maswali, hutafuta sababu ya kupunguza.

Ama mwenye cheti cha kuzaliwa hasa ndiye aliye afadhali. Wako watoto wa visiwani na wa mashambani waliozaliwa nyumbani kwa mkunga, nao hawakuandikishwa popote mpaka walipotakiwa kufanya mtihani. Na mnajua nyote mtu wa pwani mwenye jina la Kiarabu anavyoulizwa khabari za babu na bibi yake anapotaka kitambulisho. Hatupendezwi na hali hiyo na tumekwisha kuisema mahali pengine. Lakini kwa kuwa twaijua, ni wajibu wetu kuianzia mapema kuliko wengine, si kuianza nyuma yao.

Tazameni hesabu ya siku. Matokeo ya mtihani wa K.C.S.E. kwa miaka ya karibuni yametoka katika wiki ya pili ya Januari. Fomu za Uturuki kwa desturi hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari. Basi tangu mtoto kujua alama zake mpaka mlango kufungwa ni kiasi cha siku arubaini. Katika siku hizo arubaini hakuna awezaye kutafuta cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho, na pasipoti, na kurekebisha jina, na kuandika barua, na kumuomba mwalimu ushahidi. Aliyekwisha kuyatengeneza hayo mwaka uliotangulia, kazi yake ni kutia alama tu na kupeleka. Na umri nao hausubiri: kwa shahada ya kwanza Uturuki wataka aliye chini ya miaka 21, kwa shahada ya pili chini ya 30, na kwa ya udaktari wa falsafa chini ya 35. Mtoto aliyechelewa kuanza skuli, kisha akakaa nyumbani miaka miwili "akitafuta njia", amekwisha kutoka katika mlango wa kwanza naye hana khabari.

Na kuna wazazi watakaotwambia kuwa cheti kiko skuli kimezuiliwa kwa deni la karo. Deni ni deni, na kulilipa ni wajibu. Lakini sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 haimpi mtu wala skuli ruhusa ya kumzuilia mwanafunzi cheti chake. Mzazi na aende kwa upole akiwa na maneno haya, aandike mapatano ya kulipa deni kidogo kidogo, na achukue cheti. Tumeona vyeti vimelala makabatini miaka sita, na wenyewe wanabeba mizigo bandarini.

Katika alama hatutaki kumdanganya mtu. Uturuki wataka asilimia 70 kwa shahada ya kwanza, na kwa uganga wa watu, wa meno na mambo ya dawa asilimia 90. Kwa shahada ya pili na ya tatu ni 75. Asiyezifikia asizipelekee fomu hizo, atafute penginepo. Lakini pia hatutaki mzazi amuone mtoto wake amekwisha kufa kwa sababu ya karatasi moja. Wazee wenu wanamkumbuka Profesa Ali Mazrui, mtoto wa hapa hapa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1933. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyekuwa Kadhi Mkuu na mwenye gazeti la Al-Islah la mwaka 1932, alikusudia mwanawe aende Al-Azhar, lakini alifariki mwaka 1947 kijana angali mdogo. Mtihani wa Cambridge haukumtoka vizuri. Akapata kazi katika Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, ile ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Siku moja akasoma hotuba katika sherehe ya Maulidi, na gavana wa wakati ule, Sir Philip Mitchell, alikuwako akasikiliza. (Hukumu ya Maulidi si maudhui yetu hapa.) Kwa hotuba ile mambo yakaanza kufunguka, na mwaka 1955 akapelekwa Uingereza, Huddersfield, kwa ufadhili, kumalizia masomo ya skuli aliyoyakosa. Kutoka hapo akenda Manchester, kisha Columbia huko New York, kisha Oxford alikopata udaktari mwaka 1966.

Watu hukisimulia kisa hiki kana kwamba ni bahati ya gavana kuwako. Sisi twakisoma vingine. Magavana walihudhuria sherehe nyingi na kusikiliza hotuba nyingi. Kijana yule alikuwa na neno la kusema siku hiyo, na alikuwa amelitengeneza. Na leo mahali pa gavana pamekaa barua.

Basi tuseme juu ya barua hiyo, kwa sababu hapo ndipo adabu yetu wenyewe hutufunga mikono. Mtoto wa pwani amelelewa asijitaje. Ukimuuliza amefanya nini hukwambia "hamna kitu", na hali yeye ndiye anayewasomesha hesabu watoto wa mtaa mzima baada ya Magharibi. Adabu hii ni nzuri wala hatutaki iondoke. Lakini msomaji wa fomu hayuko mtaani, hawezi kuwauliza majirani. Basi kijana akiambiwa ajieleze, huiandika shida yake: kuwa ni yatima, kuwa nyumba yao ni ya makuti, kuwa akipewa atashukuru na kumuombea mfadhili dua maisha yake yote. Yote hayo yaweza kuwa ni kweli. Walakini mwenye kusoma barua hizo amekwisha kusoma za mayatima wengi wa bara zima la Afrika, na analotaka kujua si nani maskini zaidi. Ataka kujua: huyu nikimpa, atafanya nini, na nitajuaje kuwa atafanya?

Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliposimama mbele ya mfalme wa Misri hakutaja kisima alichotupwa wala gereza alilofungwa, na hapana aliyekuwa na kisa cha kusikitisha kuliko chake. Aliomba kazi moja iliyo wazi, ya hazina za nchi, na akataja sifa zake mbili zinazoihusu kazi ile: kuwa ni mwenye kuhifadhi, na kuwa ni mjuzi. Hakuongeza na hakupunguza. Huko si kujisifu. Ni kutoa ushahidi juu ya jambo ulilopewa na Mola wako, mahali ambapo ushahidi huo watakiwa.

Tuchukue kijana wa Faza anayetaka kusomea mambo ya bahari. Akiandika kuwa "napenda sana bahari na nataka kuisaidia jamii yangu", ameandika alichoandika kila mtu. Lakini akisema kuwa tangu kidato cha pili ameweka daftari la samaki wanaoshushwa na mashua ya ami yake, siku kwa siku, kilo ngapi na za samaki gani, na kwamba ameona changu wanapungua kila kusi na tafi hawapungui, naye ataka kujua sababu, basi msomaji huyo ataweka kikombe chake chini. Na uzuri wake ni kuwa daftari lipo, na mtu akitaka ataonyeshwa. Asiye na daftari leo na alianze leo. Hiyo ndiyo maana ya kusema kuwa kazi hii ni ya mwaka mmoja kabla.

Siku hizi vijana huandikiwa barua zao na akili mnemba katika simu, dakika mbili, kwa Kiingereza kilichonyooka kama ufito. Tumezisoma. Zote zina maneno yale yale, na hakuna hata moja yenye samaki. Kuiuliza mashine maana ya neno, au ikutazamie makosa ya herufi, ni jambo jengine. Kutia jina lako chini ya maneno usiyoyasema ni uwongo, na wafadhili wengi siku hizi huzichungua barua kwa ajili hiyo na kumtoa mwenye nazo.

Mfano wa hayo ni barua ya mwalimu. Watu wetu hukimbilia kwa mheshimiwa, ili barua iwe na muhuri mkubwa. Mheshimiwa hamjui mtoto, ataandika mistari mitatu ambayo yamfaa mtu yeyote. Mwalimu wa fizikia aliyemfundisha miaka miwili ataandika kuwa siku ile umeme ulipokatika kijana huyu alifanya hivi na hivi. Barua ya pili ndiyo yenye uzito. Lakini mwalimu naye ni mtu mwenye kazi zake. Aombwe wiki tatu kabla, apelekewe karatasi yenye khabari zote, na akumbushwe kwa adabu. Ile desturi ya mwanafunzi kujiandikia mwenyewe barua na mwalimu kutia saini tu haifai. Mwenye kutia saini yake atoa ushahidi, na mnajua nyote ushahidi wa uwongo umewekwa katika daraja gani ya madhambi.

Sasa madalali, na hapa hatutapunguza neno.

Amezuka katika miji yetu mtu akaaye barazani na kompyuta moja, asemaye kuwa ana ndugu katika ubalozi, na kwamba nafasi ziko tano tu, nne zimekwisha, na ya tano yataka elfu themanini kabla ya Ijumaa. Mama huuza bangili zake, baba huuza shamba la minazi. Kisha simu ya dalali huzimwa. Twarudia na tutarudia: nafasi ya ufadhili haiuzwi. Türkiye Bursları hawatozi ada ya fomu, Chevening hawatozi. Anwani ya ofisi za Serikali ya Uturuki katika mtandao huishia na gov.tr, na isiyoishia hivyo si yao hata ikipambwa bendera. Gharama za haki zipo, hatukatai: pasipoti, picha, cheti cha polisi cha tabia njema, uchunguzi wa afya, pengine tafsiri ya hati, pengine mtihani wa Kiingereza. Lakini kila moja katika hizo hulipwa katika ofisi yake yenyewe na risiti hutolewa kwa jina la mwanafunzi. Anayekwambia umpe yeye zote kwa simu, naye atajua la kufanya, kweli atajua la kufanya. Na vyeti vya asili asipewe mtu akae navyo, hata akiwa ni imamu wa msikiti.

Mwaka 2023 nchi nzima ilisikia kilio cha wazazi wa Kaunti ya Uasin Gishu, waliokuwa wamelipa fedha nyingi ili watoto wao wapelekwe vyuo vya Finland na Canada. Wengi katika watoto hao hawakusafiri, na baadhi ya waliosafiri wakakwama huko kwa ada, mpaka jambo likafika mahakamani. Mpango huo ulikuwa na jina la kaunti nzima, na hata ufadhili kamili haukuwa. Ikiwa wenye kulipa mahali penye jina kubwa kiasi hicho wamelia, je, wewe unayelipa barazani?

Limebaki suala la mabinti. Twaulizwa: je, yafaa binti kwenda? Maulamaa wana maneno yao katika safari ya mwanamke bila ya maharimu, na wamekhitalifiana, hasa pale njia ikiwa ya amani na mwisho wa safari una watu wa kuaminika. Mzazi na amuulize mwanachuoni anayemuamini, na atazame chuo, na bweni la wanawake, na jamaa walioko mji ule. Huo ni uangalifu, nao wapendeza. Lakini kuna jambo latushangaza. Msichana mmoja apata nafasi ya kusomea uganga, na mtaa mzima wageuka mafakihi. Nduguye wa nyumba ya pili anasafirishwa kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa watu asiowajua katika nchi za Ghuba, miaka miwili, pasipoti yake mikononi mwa mwajiri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maharimu yake yuko wapi. Mwenye hoja na atuletee. Sisi tofauti hiyo hatukuiona kitabuni.

Ama masharti tuliyoahidi kuyarejea, ni haya. Kila ufadhili una mkataba. Chevening humtaka aliyesoma arudi kwao akae miaka miwili. Benki ya Jeddah yataka karadha irudishwe. Na wote wataka alama zisiporomoke. Sura ya Al-Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na haikusema mikataba ya Waislamu kwa Waislamu tu. Kijana na ausome mkataba wote kabla ya kutia saini, na mzazi asomewe kwa Kiswahili. Asiyetaka kurudi na asiombe ufadhili wenye sharti la kurudi. Ziko nyingine zisizo na sharti hilo. Na yule aliyesoma kwa karadha, akapata kazi nzuri, akanunua gari, na mfuko wa elimu wa watu wake haujamuona, ajue kuwa kiti alichokikalia kina mtoto mwengine anayekingoja hivi sasa.

La mwisho ni la wale wanaokwenda vyuo vya dini, kama Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilichoasisiwa mwaka 1961, ambacho pia husomesha, hulaza na kutoa posho. Huko hutazamwa cheti cha thanawi kama kimelinganishwa na kukubaliwa. Vyuo vyetu vingi vya mitaani, pamoja na elimu njema iliyomo, vyeti vyao havina ulinganisho huo, na kijana hulijua jambo hili baada ya kusoma miaka saba. Aulize mwaka wa kwanza, si wa saba, na pamoja na masomo ya chuoni afanye mtihani wa serikali. Na kwa upande wa kurudi, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya hapa Kenya ndiyo inayotambua shahada za nje. Kabla ya kukubali nafasi popote pale, chuo chochote kile, na aulize Tume hiyo kama shahada atakayorudi nayo itatambuliwa, na jawabu alipate kwa maandishi.

Wenye vyeti vyenye majina yasiyolingana, na wenye watoto watakaofanya mtihani mwaka huu, walete nakala zake darasani baada ya sala ya Isha. Nakala tu, vyeti vya asili vibaki nyumbani.